Fundi Taa Hakai Pembeni

Ukiiona yenyewe huwezi kuipa heshima. Ni rimoti ya plastiki, nyepesi, inayotosha kiganjani, yenye vitufe vya rangirangi vilivyopangwa safu kwa safu. Ukiilaza mezani sebuleni pamoja na rimoti ya king'amuzi na ya feni, hakuna mgeni atakayeiulizia. Lakini Jumamosi usiku, katika kumbi za harusi za Dar es Salaam, kuanzia kubwa kama Mlimani City na Diamond Jubilee hadi za mitaani zenye paa la bati na dari ya kitambaa, rimoti hiyo ndiyo inayoamua ukuta uwe wa rangi gani, nyuso za maharusi zionekane vipi, na hata pilau ionekane ya leo au ya juzi.

Mwenye kuishika ni fundi taa. Katika bajeti ya kamati ya harusi mara nyingi hana mstari wake. Amefichwa ndani ya fungu la mapambo, au amekuja na watu wa muziki. MC anajulikana kwa jina, mpambaji anagawa namba yake ya simu, mpishi anasifiwa au kusemwa kwa sauti. Fundi taa akifanya kazi sawasawa, wageni watasema ukumbi ulipendeza, basi. Nimekuwa nikiwatazama mafundi hawa kwa muda mrefu, mwanzoni kwa kuzikimbia hotuba, baadaye kwa kuvutiwa kweli. Watu wengi hudhani rimoti ilikuja kumpumzisha fundi, abonyeze akiwa ameketi na soda yake. Nionavyo mimi imemwondolea kiti. Fundi taa mzuri wa leo anatembea usiku kucha.

Kazi yenyewe ikisimuliwa haina makuu. Taa zinapangwa sakafuni kuzunguka ukumbi, zinaelekezwa juu, na kila moja inapaka kipande chake cha ukuta. Taa moja ni kisanduku cha chuma cha upana wa shubiri hivi, chenye betri ya lithiamu ndani, mguu mdogo nyuma wa kukiinamisha, na juu yake vioo vinne au sita. Chini ya kila kioo mna dayodi za rangi kadhaa zilizobanwa pamoja: nyekundu, kijani, bluu, na katika taa nzuri huongezwa kaharabu, nyeupe, na ile ya urujuani uliopita upeo wa macho, inayofanya shati jeupe ling'ae peke yake gizani.

Zamani rangi ya ukuta ilikuwa ya usiku mzima. Ulikuwa na makopo makubwa ya taa, mengine ya wati 1000, na mbele ya kila kopo karatasi ya plastiki ya rangi uliyoichagua mchana. Ukitaka rangi nyingine, ungoje kopo lipoe, upande na karatasi nyingine. Hapakuwa na namna ya kuiponya hali hiyo kwa dayodi, kwa sababu nyekundu na kijani zilikuwapo lakini bluu yenye nguvu haikuwapo, na bila bluu hupati zambarau wala weupe. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya Nichia huko Japani, alionyesha dayodi ya bluu inayowaka kwa nguvu. Kwa kazi ya bluu hiyo, yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Sijui kama kuna tuzo nyingine ya Nobel inayohudhuria send-off nyingi kiasi hiki.

Rangi zilipopatikana, zilihitaji amri. Amri ya taa za jukwaani ilikwishakuwapo tangu 1986, ikaitwa DMX512: lugha ya namba inayopita kwenye waya, chaneli 512, kila chaneli ikibeba namba kati ya 0 na 255. Nyekundu 120, bluu 255, kijani 0, na ukuta una zambarau yake. Rangi tatu tu zinakupa michanganyiko zaidi ya milioni 16. Taa yenye rangi sita na chaneli ya saba ya kupunguza mwanga inakula chaneli saba, kwa hiyo chaneli 512 zinazitosha taa 73, na hakuna harusi ya kawaida inayohitaji taa 73.

Tatizo lilikuwa waya. Waya unatoka taa hadi taa, umebandikwa sakafuni kwa utepe, ukipita mlangoni ambapo wakwe wanaingia na magauni yanayoburuza. Na mwanzo wa waya uko kwenye meza ya kuendeshea taa, na meza hiyo huwekwa kwa watu wa muziki, pembeni, nyuma ya spika. Hapo ndipo fundi alipokaa. Aliutazama ukumbi kutoka mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kukaribishwa. Aliona ukuta wa mbele kwa ubavu, mgongo wa MC, na kitambaa cha nyuma ya maharusi kikiwa kimepinda. Kutoka huko aliamua rangi watakazoziona watu mia tano walioketi kwingine. Rimoti ndiyo iliyomtoa hapo.

Nilimtazama fundi mmoja akiandaa ukumbi huko Sinza. Sherehe ilikuwa ya saa moja jioni, naye alifika mchana, wapambaji wakiwa bado juu ya ngazi wakifunga vitambaa. Jambo la kwanza aliloomba ni taa za ukumbi zizimwe na mapazia yafungwe. Wapambaji walilalamika, akawaacha walalamike hadi wakachoka. Kisha akaweka taa moja tu mbele ya ukuta, akaiwasha kwa kaharabu, akaanza kuisogeza kwa ncha ya kiatu.

Taa ikiwa karibu sana na ukuta, upana wa kiganja hivi, mwanga unapanda ukiwa umeulalia ukuta, na kila kovu la plasta linatoa kivuli chake. Ziliibuka alama za mwiko wa mwashi, ufa uliozibwa, na mstatili mahali palipokuwa na bango lililobanduliwa likaondoka na rangi. Akaivuta nyuma hatua moja. Makovu yakapotea, ukuta ukawa laini, lakini mwanga ukalegea, haukufika darini. Kati ya hapo na hapo kuna mahali pake, na kila ukuta una pake. Alipatafuta kwa subira iliyonishangaza: anasogeza, anarudi kinyumenyume hadi katikati ya ukumbi, anatazama, anarudi, anasogeza tena kwa kidole cha mguu. Akachuchumaa akaurekebisha mguu wa nyuma wa taa, kwa sababu mwanga hupungua upesi kadiri unavyosafiri. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu yake inabaki robo. Ndiyo maana taa iliyowekwa ovyo huunguza sehemu ya chini ya ukuta na kuiacha ya juu gizani. Yeye aliilenga taa ili kitovu cha mwanga kigonge juu kabisa, sehemu ya chini ikajipatia masalia, na ukuta mzima ukalingana. Alipopapata akabandika kipande cha utepe sakafuni, akapima umbali kwa nyayo zake, kisha akaenda nao ukumbi mzima.

Zipo kuta zinazotaka kinyume cha haya. Ngome Kongwe pale Forodhani, Unguja, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Pale ukiisogeza taa hadi iguse ukuta, kila shimo la jiwe linaamka, na huo ndio uzuri unaoutafuta. Katika ukumbi wa plasta ya juzi, mwanga wa namna hiyo ni kumuumbua mwenye ukumbi. Vitambaa navyo vina tabia zao. Satini nyeupe inaipokea rangi yoyote na kuirudisha ikiwa imechangamka. Velveti nyeusi inaimeza. Ukuta wa krimu unaidhoofisha bluu hadi ukajiuliza kama taa ni mbovu. Hakuna rimoti inayoyajua haya. Yanajulikana kwa fundi kusimama na kutazama.

Taa zikishakaa mahali pake, zinagawanywa katika makundi. Kila taa ina kidirisha kidogo cha namba ubavuni, na humo fundi anaiambia iko kundi gani: ukuta wa nyuma ya maharusi peke yake, kuta za pembeni peke yake, mlangoni na njia ya kuingilia, meza za chakula. Kuanzia hapo kitufe kimoja kinaiamuru familia moja ya taa bila kuigusa nyingine. Yule fundi wa Sinza ameandika namba ya kundi kwa kalamu nene kwenye utepe, chini ya kila taa, kwa sababu dogo anayemsaidia anaweza kuzichanganya wakati wa kupakua.

Rimoti zenyewe ni za aina mbili, na tofauti yake ndiyo inayomkosesha fundi usingizi. Ya bei nafuu ni ile yenye vitufe 24, anayoijua kila aliyewahi kununua mkanda wa taa za rangi Kariakoo. Inatumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, unaowaka na kuzimika mara 38,000 hivi kwa sekunde ili kipokezi kisiuchanganye na mwanga mwingine. Ielekeze kwenye kamera ya simu, bonyeza, na kwa simu nyingi utaona kinukta cha zambarau kikipepesa. Ubaya wake ni kwamba mwanga, hata usioonekana, haukati kona. Haupiti nyuma ya nguzo wala haupenyi kitambaa cha meza. Ndiyo sababu ya ile aibu unayoikuta kwenye sherehe nyingi: kuta zote zimekuwa bluu, halafu taa moja nyuma ya shada la maua imebaki nyekundu, imejikalia. Mafundi wazoefu wenye rimoti hii hawailengi kwenye taa. Wanailenga kwenye dari nyeupe, mwanga ukadunde huko na kuteremka pande zote.

Matatizo haya ni ya zamani. Rimoti ya televisheni iliyotangulia kufanya kazi bila waya, Flash-Matic ya kampuni ya Zenith ya Marekani, ilibuniwa na Eugene Polley mwaka 1955, nayo ilikuwa tochi tu. Unamulika pembe ya televisheni, na kila pembe ina kazi yake. Jua likipenya dirishani, televisheni ilijibadilishia chaneli bila kuulizwa. Rimoti za leo zina akili zaidi, lakini andaa harusi ya bustanini Mbezi Beach, jua la saa kumi na moja likiwa limevikabili vipokezi, na utabonyeza hadi kidole kiume.

Aina ya pili inatumia mawimbi ya redio, kwa kawaida katika gigahezi 2.4, bendi ileile ya Wi-Fi na Bluetooth. Hiyo inapenya kitambaa, inapenya maua, haijali nguzo nyembamba. Mchana, ukumbi ukiwa mtupu, kila taa inaitika mara moja, na fundi mchanga anaondoka kwenda kula akiwa na amani. Anarudi saa tatu usiku ukumbi umefurika, anabonyeza, na taa za upande wa pili zinasita. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji huyanywa mawimbi ya bendi hiyo. Kila mgeni aliyeketi amekuwa kizuizi kidogo, na simu mfukoni mwake inapiga kelele kwenye bendi hiyohiyo. Kwa hiyo antena ya mfumo mkubwa huinuliwa juu ya stendi, juu ya vichwa vya watu. Mwenye rimoti ya mkononi naye huinua mkono juu ya kichwa chake kabla ya kubonyeza, akaushusha taratibu. Wageni hudhani anapiga picha.

Nimekaa sana kwenye vyuma; nije kwenye rangi, ambako ndiko fundi anakoachana na mbonyezaji.

Weupe unaopatikana kwa kuwasha nyekundu, kijani na bluu kwa pamoja ni weupe wa uongo. Ukutani utaukubali. Usoni hautaukubali, maana rangi hizo tatu zina mapengo kati yake, na pengo kubwa liko kwenye njano na machungwa, pale hasa ambapo ngozi zetu, nyeusi na za maji ya kunde, zinapata uhai wake. Mulika maharusi kwa weupe huo na watapauka, kama waliopakwa majivu. Dayodi ya kaharabu iliongezwa kuziba pengo hilo. Fundi anayejua kazi haangalii ukuta anapoichanganya. Anamwita dogo akae kwenye kiti cha bwana harusi, anautazama uso wake, anaongeza kaharabu, anapunguza bluu, anaongeza nyeupe kidogo, hadi dogo aonekane ametoka kupumzika.

Halafu kuna kamati. Kamati ina rangi zake, zilizochaguliwa na bibi harusi na kushonewa sare, na mwaka ukiwa wa kijani cha zumaridi, kila harusi itakuwa ya kijani cha zumaridi. Kijani kikipanda kutoka chini hakimpendezi mtu yeyote. Ni mwanga wa wodini na wa filamu za kutisha. Mwenyekiti wa kamati haambiwi hivyo, na fundi hamwambii. Anakichukua kijani chote na kukipeleka kwenye kuta za mbali, nyuma ya wageni, kwenye nguzo, mlangoni, mahali ambapo kitaonekana kwa wingi bila kumgusa mtu usoni. Ukuta wa maharusi anauachia kaharabu iliyotiwa kijani cha kuonja tu, kwa tone moja au mawili ya ile 255. Kamati ikiingia inaiona rangi yake imejaa ukumbi, inatikisa kichwa kwa kuridhika. Huu kwangu ndio ustadi mkubwa kuliko wote katika kazi hii, na hauandikwi kwenye karatasi yoyote ya maelekezo.

Meza za chakula hazina mjadala. Ni nyeupe ya joto, usiku mzima, kundi lake lisiguswe. Nyama chini ya bluu inageuka kijivu, kachumbari inakosa nyanya, na mgeni anajipakulia nusu bila kujua ni kwa nini. Harusi za Wachaga zina mtihani wa ziada, kwa sababu ndafu haikai mezani ikingoja. Inaletwa katikati ya watu kwa shangwe, mbuzi mzima aliyechomwa, majani mdomoni, na inapita kwenye kuta za rangi mbalimbali kabla ya kufika kwa maharusi. Ikipita kwenye zambarau inaonekana mzoga. Yule fundi huiwahi: wabebaji wakitokea mlango wa jikoni, tayari njia nzima iko kwenye kaharabu, na mafuta ya mgongoni yanang'aa hadi watu wa meza za nyuma wanasimama.

Kuna pia mpiga picha, ambaye ana ugomvi wake wa halali. Dayodi haififii kama mshumaa. Inawashwa na kuzimwa upesi sana, na jicho linatengeneza wastani wake. Kamera haitengenezi wastani. Ukipunguza sana mwanga, video inatoka na mistari inayotambaa ukutani. Taa nzuri zina mpangilio wa kuongeza kasi ya kuwaka na kuzimika, na fundi mwenye adabu humtafuta mpiga picha kabla ya wageni kufika, wakapima pamoja. Pia atamwomba radhi mapema kwa bluu iliyokolea, maana kamera nyingi huzidiwa nayo, na gauni la bibi harusi likipoteza nakshi zake kwenye picha, wa kwanza kusemwa ni mpiga picha.

Sasa tuje kwenye kubonyeza kwenyewe, usiku uleule wa Sinza. Maharusi wako nje kwenye gari. Ukumbi una zambarau tulivu, imekaa hivyo tangu wageni wa kwanza waketi. Fundi haendi mlangoni walipo wote. Anasogea hadi karibu na meza ya wazazi, anasimama nyuma yao kidogo, usawa wa mabega yao. MC anatangaza, vigelegele vinapasuka, ukumbi mzima unasimama na shingo zote zinageukia mlangoni. Hapo ndipo anapobonyeza, mara moja, na kitakachobadilika ni ukuta ambao hakuna anayeutazama. Ukuta wa mbele, nyuma ya viti vya maharusi, unaanza kutoka kwenye zambarau kwenda kaharabu, polepole, kwa muda wa wimbo. Maharusi wanacheza hatua mbili mbele, moja nyuma, kama kawaida, wakipita katikati ya watu, na shingo zinawafuata. Zinapofika mbele, ukuta umekwisha kuiva. Muulize mgeni yeyote umebadilika saa ngapi, hatajua kama ulibadilika.

Kabla ya hapo alifanya kitu kidogo ambacho ningekikosa kama nisingesimama karibu naye. Dakika chache kabla ya maharusi kushuka garini aliushusha mwanga wa ukumbi mzima, kiasi kisichoonekana. Jicho lililoketi ndani ya zambarau kwa saa nzima limekwisha kuizoea; halioni tena kama ni kali, na kaharabu ikija itaonekana kali kupita kiasi. Vilevile jicho halihesabu mwanga kama rimoti inavyouhesabu. Kutoka 10 kwenda 30 linaona mapambazuko. Kutoka 230 kwenda 250 halioni kitu. Kwa hiyo anayecheza na mwanga mdogo ana nafasi kubwa ya kusema, na anayeanza na 255 kila mahali amemaliza maneno saa moja jioni. Kuna faida nyingine isiyo ya kisanii: betri za taa zinazowaka rangi zote kwa nguvu zote hazifiki kwenye kufungua muziki.

Usiku mzima, kuanzia saa moja hadi saa sita, mabadiliko yake ya makusudi yalikuwa machache: kuingia, ndafu, keki, kufungua muziki. Katikati ya hayo alitembea. Alisimama nyuma ya meza ya waliosoma na bibi harusi, akaona taa moja inamulika mtu machoni, akaizungusha kwa kiatu. Alikwenda msalani akarudi kwa mlango mwingine ili aone ukumbi kwa macho ya aliyechelewa. Umeme ulikatika mara moja, kama unavyokatika, na kabla jenereta haijashika, feni zikiwa zinazunguka kwa mazoea tu na MC akipiga kelele bila maiki, kuta zilibaki zinawaka zenyewe kwa betri. Fundi aliinua mkono, akabonyeza, na makundi yote yakawa meupe. Watoto wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya shughuli.

Linganisha na sherehe nyingine niliyohudhuria, ambayo sitaitaja, ambako rimoti ilikuwa imewekwa kwenye kitufe cha kufuata sauti. Taa zina kipaza sauti kidogo ndani, kikisikia ngoma kinabadilisha rangi. Katika dansi ni sawa, sina neno. Lakini mchungaji alisimama kuombea chakula, na kila "amina" ya ukumbi ikazirusha kuta kutoka nyekundu kwenda kijani. Mzee aliyepewa nafasi ya kuwausia watoto alisimama katikati ya nasaha akauliza kama kuna moto. Mwenye rimoti alikuwa ameketi, anakula. Vile vitufe vinavyojiendesha vyenyewe, vya kumweka, kurukaruka na kuzungusha rangi, vimewekwa juu kabisa ya rimoti, vikubwa kuliko vingine, na naamini vimewaharibu vijana wengi wenye kipaji.

Yule dogo wa Sinza bado hajaharibika. Karibu na mwisho, keki ikiwa imesogezwa katikati, fundi alimpa rimoti kwa mara ya kwanza usiku ule.

"Nibonyeze, fundi?"

"Bado. Kakae pale, kwenye kile kiti kitupu karibu na shangazi wa bwana harusi. Uniambie unaona nini."

Dogo akaenda, akaomba radhi kwa shangazi, akaketi na kutazama kuelekea kwenye keki. Akarudi mbio.

"Ile ya tatu kutoka kushoto inanipiga machoni. Na keki ina kivuli upande wa kisu."

"Ya kushoto kaiinamishe wewe. Kivuli tutakitoa kwa ukuta wa pembeni, kundi la pili, ongeza kaharabu kidogo. Kidogo, dogo. Halafu rudi ukakae tena."

MC alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu. Fundi alimwonyesha kiganja, asubiri, na MC, ambaye hakuna anayemsubirisha katika mji huu, akarudia utani wake wa zamani hadi kijana alipomaliza kuinamisha taa.